Gari Lililogongwa Mara Tatu

"Imepanda," wakala wa bima alisema, na wala hakuinua macho.

Taratibu alidhani anazungumzia joto. Ofisi ya wakala ilikuwa meza moja ndani ya duka la vioo vya simu, na feni iliyokuwepo ilimpulizia mwenye duka peke yake. Akavuta kiti mbele.

"Nini imepanda?"

"Ada yako. Chukua ya mwaka jana, ongeza nusu yake, halafu ongeza na kidogo tena."

"Kwa lipi? Mimi nimegongwa, bwana! Nimesimama zangu, lori la magodoro likaja nyuma likanivaa. Polisi waliandika. Dereva wa lori mwenyewe alikubali. Bima yao ndiyo iliyotengeneza gari, nyinyi hamkutoa hata senti."

"Najua."

"Sasa?"

Wakala akageuza kompyuta kidogo, kidogo kabisa, kama mtu anayelazimishwa kuonyesha karata zake. "Una ajali tatu, kaka. Ndani ya mwaka mmoja. Zote umegongwa, sikatai, kosa si lako hata moja. Lakini tatu ni tatu. Mfumo unaona hili ni gari la kugongwagongwa."

"Tatu za nani? Mimi nimegongwa mara moja!"

"Mimi hapa naona idadi tu, habari zenyewe ziko makao makuu." Wakala akapunguza sauti, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Ila kabla hujaenda kugombana na watu, uliza nyumbani. Hilo gari linaendeshwa na wangapi?"

Taratibu akasukuma kiti nyuma. Alitoka, akasahau hata kuaga.

Jina la Taratibu alipewa na madereva wenzake, na halikuwa sifa. Alikuwa anapunguza mwendo hata kwenye kivuli cha tuta. Lakini wazazi walimpenda kwa hilo hilo, wakampa watoto wao awapeleke shule na kuwarudisha, na kigari chake cheupe kikawa ndicho kinacholisha nyumba nzima: yeye, mkewe, mama yake na watoto wawili. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Bima ilikuwa inaisha Jumapili. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema mbele ya wazazi wote kwamba gari lisilo na bima kubwa halitaingia getini kwake, hata dereva wake awe malaika.

*

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka gari. Akapapasa bampa ya nyuma, akapapasa milango, akachuchumaa, mwisho akalala chali akajivuta chini ya gari mpaka ikabaki miguu tu.

Mkewe alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Akasimamisha mguu.

"Baba watoto, unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu."

"Mtu asiyetafuta kitu halali chini ya gari na shati jeupe."

Akatoka huko na vumbi mgongoni. "Jumamosi ile ulipopeleka sare kwa yule mteja wa kule juu, ulipita wapi?"

"Barabarani."

"Nakuuliza vizuri."

"Na mimi nakujibu vizuri. Ulitaka nipite angani?"

"Hapa chini ya mlango kuna mchubuko."

"Huo upo tangu gari linanunuliwa. Wewe mwenyewe uliuonyesha kwa yule dalali ili apunguze bei, ukatoa na machozi."

Ilikuwa kweli, na ilimuudhi zaidi. Mwanamke huyu alijifunza kuendesha mwaka uliopita, na Jumamosi alikuwa anachukua gari kupelekea wateja sare. Alikuwa anaendesha vizuri. Majirani walisema anaendesha kuliko mumewe, na kuna watu wanapenda kusema maneno kama hayo mume akiwepo.

"Wakala anasema gari lina ajali tatu," akamwambia. "Mimi naijua moja."

Mkewe akaacha kitambaa. "Na mimi naijua moja."

Pazia la chumba cha kwanza likafunguka. Mama yake Taratibu alikuwa muuguzi mstaafu, na masikio yake yalikuwa hayajastaafu. Gari lilinunuliwa kwa kiinua mgongo chake na kadi ilikuwa na jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulisahau hata siku moja.

"Gari langu lina ajali tatu, na mimi nasikia leo?"

"Mama, hata mimi nasikia leo."

"Mimi naijua moja," mama akasema.

Wakatazamana, wote watatu. Kila mmoja aliona wazi kabisa kwamba wawili waliobaki wanadanganya.

*

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama kituo cha polisi kisicho na mahabusu. Wote walikuwa askari.

Taratibu alichukua ufunguo wa pili kutoka kwenye msumari wake wa siku zote, akautia mfukoni. Mkewe aliona msumari mtupu. Usiku akabeba mto wake akaenda kulala chumba cha watoto, na mtoto mdogo alipouliza kwa nini, akajibiwa kwamba kule baba anakoroma.

Mama yake Taratibu naye alikuwa na njia zake. Kila Taratibu aliporudi alimsimamisha mlangoni. "Toa pumzi."

"Mama, mimi sinywi."

"Nimesema unakunywa? Nimesema toa pumzi."

Akatoa. Mama akanusa, akatikisa kichwa, akageukia jikoni kwa sauti ya mtu anayeongea na sufuria: "Basi kama si huyu, tunajua ni nani. Hili gari lilikaa salama siku zote, mpaka watu walipojifunza kuendesha."

"Mama, watu wana jina," mkwe akajibu kutoka kwenye cherehani.

"Nimetaja mtu?"

"Hujataja. Ndiyo maana nasema."

Mke wa Taratibu alivumilia mpaka Jumatano. Siku hiyo alifunga cherehani, akaaga anakwenda kununua vifungo, na kweli alinunua vifungo, lakini kwanza alipita kwa fundi anayenyoosha na kupiga rangi magari. Alimkuta anakwangua mlango wa teksi.

"Shemeji! Karibu. Umeleta kazi?"

"Sijaleta. Nauliza tu. Mume wangu amewahi kukuletea gari kimyakimya, ukalinyoosha?"

Fundi akaacha kukwangua. Macho yakamng'aa. "Kimyakimya kivipi?"

"Kwamba amegonga au amegongwa, halafu nyumbani hakusema."

"Hapana. Lililetwa na wale wa magodoro tu, ile ya bampa. Kwani kuna nyingine?"

"Wanasema ziko tatu," mwanamke akasema, na neno lilipotoka alijua amekosea pa kulimwagia. Fundi yule alikuwa mzuri wa kunyoosha bati, lakini maneno yakifika kwake yalitoka yamepinda zaidi.

Ilichukua siku moja tu. Alhamisi jioni simu ya Taratibu ikaita, naye akasimama wima kabla hata ya kupokea, kwa sababu alikuwa mwalimu mkuu.

"Baba, nasikia umepata ajali tatu na gari la wanafunzi."

"Mwalimu, nimegongwa mara moja, nimesimama, na hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani."

"Mimi nakufahamu, sina wasiwasi. Ila wazazi wananipigia. Mmoja anasema umegonga nguzo. Mwingine anasema macho yako siku hizi hayaoni vizuri."

"Macho yangu?"

"Nasema wanavyosema. Sasa tufanye hivi. Kuna kijana ana gari jipya, amekuja kuomba. Nimemwambia asubiri. Jumatatu asubuhi ukija na bima kubwa mkononi, watoto ni wako. Usipokuja nayo, nitakuwa sina la kuwaambia wazazi."

"Nitakuja nayo, mwalimu."

"Na ukapime macho."

Alipokata simu mkewe alikuwa mlangoni. Alisikia kila kitu na uso wake ulikuwa umebadilika. Taratibu aliuona huo uso, akausoma vibaya. Aliona hatia ya gari, kumbe ilikuwa hatia ya mdomo.

"Sema tu," akamwambia. "Uligongwa wapi? Sitapiga kelele."

"Unajua," mkewe akasema polepole, "nilikuwa nataka kukuomba msamaha wa kitu kingine kabisa. Sasa basi." Akarudi ndani.

*

Ijumaa walikwenda makao makuu ya bima, wote watatu. Taratibu alitaka kwenda peke yake. Mkewe akasema akienda peke yake atarudi na habari nusu. Mama akasema wakienda wawili watarudi na uongo mzima. Basi wakajipanga kwenye gari, mama mbele, mke kiti cha nyuma kabisa kama mwanafunzi mtoro.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki, watu na bahasha zao, mtoto mmoja analia. Walipoitwa dirishani, karani alikuwa msichana mpole mwenye miwani, na upole wake ulifanya mambo yawe mabaya zaidi.

"Naona ajali tatu, zote mmeripoti wenyewe kwa simu," akasema.

"Nani kaziripoti?" Taratibu akauliza.

"Wa kwanza ni mwanaume. Wa pili mwanamke."

Taratibu akageuka taratibu kumtazama mkewe. Mkewe akatazama kalenda ukutani.

"Ahaa," mama yake Taratibu akasema. Alilivuta hilo neno mpaka likafika mlangoni.

"Wa tatu pia mwanamke," karani akaendelea. "Amejitambulisha kama mwenye gari."

Neno la mama likakatika.

"Lazima ni mtu ametumia jina langu," akasema haraka. "Siku hizi kuna matapeli."

"Simu zote zinarekodiwa, mama. Sauti zipo."

"Basi zifungulie, tumjue huyo tapeli."

"Hapa? Kifaa changu cha masikioni kimekufa, itabidi niweke spika."

"Weka! Sisi hatuna la kuficha."

Karani akabonyeza. Sauti ya Taratibu ikatoka kubwa, imekwaruza kidogo, ikajaza ukumbi.

"Halo, habari za kazi. Nina gari la wanafunzi, nimegongwa leo hapa kwa fundi matairi. Nimesimama tu, lori likanivaa. Halafu dada, naomba kitu kimoja. Mkinihitaji nipigieni mimi mwenyewe. Msimpigie mke wangu wala mama yangu. Wale ukiwashirikisha jambo, dogo linakuwa msiba."

Kwenye viti mtu akacheka kwa pua. Taratibu alikuwa anakagua viatu vyake.

"Msiba," mama yake akarudia, kwa sauti ya chini.

Karani akabonyeza tena. Safari hii ilikuwa sauti ya mkewe, ya chini, ya mtu anayeongea akiwa amejificha.

"Samahani dada, nauliza tu. Gari letu limegongwa jana mbele ya duka la vitambaa, bampa ya nyuma. Sijui kama mna taarifa, maana mume wangu atakuwa hajapiga. Ni mtu mzuri, hana neno, ila akikwambia 'nimeshafanya' ujue ndiyo kwanza anatafuta soksi. Maji yalikatwa kwetu wiki nzima na yeye anasema ameshalipa. Naomba asijue kama nimepiga."

Sasa walikuwa wanacheka wengi. Mzee mmoja mwenye bahasha akamwambia jirani yake, "Huyo ni mimi kabisa." Taratibu alihisi masikio yanawaka. Alitamani kumwambia mkewe kwamba maji yale alilipa, mtandao ndio uliogoma, lakini huwezi kubishana na spika.

"Ya tatu niiache?" karani akauliza.

"Iache," mama akasema. "Nimeshamjua tapeli."

"Hapana," mkwe wake akasema. "Weka, dada. Hatuna la kuficha."

"Halo! Halo! Mnanisikia? Mimi ndiye mwenye gari, kadi ina jina langu! Limegongwa wiki hii, kona ya zahanati ya zamani! Natoa taarifa mwenyewe kwa sababu hawa watoto sina imani nao. Kijana wangu ana moyo wa uji, mtu yeyote anamkoroga. Na mkewe akishika hela ya bima itaishia kwenye vitambaa. Mkitoa pesa, nipeni mimi mkononi. Halo!"

Ukumbi mzima ukalipuka. Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza kuangalia. Karani alikuwa ameuma mdomo mpaka ukawa mweupe.

"Samahanini," akasema alipoweza. "Kona ya zahanati, duka la vitambaa na kwa fundi matairi... ni mbali?"

Taratibu akasema, "Ni hapo hapo."

"Hapo hapo wapi?"

"Kona moja. Fundi matairi yuko upande huu, duka la vitambaa linatazamana naye, na ghala lililo nyuma yake zamani lilikuwa zahanati. Mama alifanya kazi pale."

"Kwa hiyo ajali ni moja?"

"Moja."

"Mahali tofauti, siku tofauti, watu tofauti. Kila aliyepokea simu akafungua ajali mpya."

"Lakini mimi niliuliza tu!" mke akasema.

"Ukiuliza, tunaandika."

Mzee mwenye bahasha akashindwa kujizuia. "Nyinyi lori limewagonga mara moja," akasema. "Hizo mbili mmejigonga wenyewe."

*

Karani alizifuta mbili, akahesabu upya, akawaandikia bei kwenye karatasi ndogo. Taratibu akaisoma, akaisogeza mbali, akaisoma tena. Maneno ya mwalimu mkuu kuhusu macho yakamjia.

"Hii bado iko juu kuliko ya mwaka jana."

"Ndiyo. Kidogo."

"Lakini imebaki ile moja. Na ile kosa si langu. Imeandikwa hapo, kosa si langu?"

"Imeandikwa."

"Sasa nalipia nini?"

Karani akavua miwani. Ilionekana swali hili anaulizwa kila siku na bado hajapata jibu analolipenda. "Kampuni haiangalii kosa peke yake, kaka. Inaangalia kama gari linapita sehemu za kugongwa. Aliyegongwa mara moja wanaona anaweza kugongwa tena. Na lile punguzo la kukaa bila ajali limeondoka."

"Na yule wa magodoro? Yake imepanda?"

"Yule hayuko kwetu. Sijui."

"Yaani mtu alale kwenye usukani anivae mimi niliyesimama, halafu mimi ndiye mnayenishuku?"

"Labda unasimama sana," mama yake akasema.

"Mama!"

"Nasema tu."

Walikubaliwa kulipa kwa awamu mbili. Taratibu alianza kutoa alichokuwa nacho, na kabla hakijaisha kutoka ilikuwa wazi hakitoshi hata kwa sehemu ya kwanza. Mama akafungua kibeti chake, akakifunga, akasema ataangalia nyumbani. Nyumbani hakukuwa na kitu na wote walijua. Mkewe ndiye aliyefungua pochi. Zilikuwa pesa za wateja wa sare, za kununulia kitambaa kilichobaki. Akaziweka dirishani bila kumtazama mtu.

"Zisije zikaishia kwenye vitambaa," akasema.

Mama mkwe akakohoa kikohozi kirefu kisicho na mafua.

Walipotoka walikuwa na bima kubwa kwenye bahasha. Taratibu akasimama pembeni ya gari, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ule ufunguo wa pili. Ulikuwa umepata joto la paja lake siku zote zile.

"Endesha wewe," akamwambia mkewe.

Mkewe akautazama ufunguo, akamtazama yeye. "Kwa nini? Ili likigongwa niwe mimi?"

"Hapana. Nilikosea."

"Hebu sema tena."

"Nilikosea, mama watoto. Na maji yale nililipa."

"Ungeishia pale kwenye kukosea, ingekuwa nzuri zaidi," akasema, lakini akachukua ufunguo. Alipokuwa anawasha gari aliongeza, macho yakiwa mbele, "Na mimi ndiye niliyemwambia fundi. Ndivyo shule ilivyojua."

Taratibu akafunga mkanda. Mama nyuma akavuta pumzi ya kutaka kusema kitu. Mkwe akamtazama kwenye kioo, pumzi ikarudi.

Njia ya nyumbani ilipita kwenye kona ile ile. Palikuwa na foleni. Wakasimama, fundi matairi kushoto, vitambaa kulia, ghala nyuma. Nyuma yao kijana wa mkokoteni uliojaa magunia akashindwa kuuzuia mteremkoni, nao ukaja, ukagusa bampa. Kishindo kilikuwa kidogo. Gari likayumba, likatulia.

Mke akashuka. Wawili wakamwona kwenye kioo akiinama, akipangusa bampa kwa kidole gumba, akitazama kidole. Kijana wa mkokoteni alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Dada, nisamehe, umenishinda, dada..."

"Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi nenda. Nenda haraka, na hujatuona."

Akarudi kwenye usukani, akafunga mlango. Foleni haikuwa imesogea. Ndipo akasikia zipu ya kibeti inafunguka nyuma yake.

"Mama."

"Natafuta pipi."

"Mama, toa mkono."

"Pipi ya kikohozi! Mtu mzima hata pipi mpaka aombe ruhusa?"

Taratibu naye alikuwa na mkono mfukoni. Mkewe akaugeukia ule mkono. "Na wewe?"

"Najikuna."

Mwanamke akachukua simu yake, akaiweka juu ya dashibodi, mbele ya kioo, mahali pa kuonekana na wote. Akakunja mikono, akangoja. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Taratibu akatoa yake, akaiweka kando ya ile. Baada ya muda mkono wa mama ukapita katikati ya viti, umeshika simu ya vitufe, ukaiweka ya mwisho, mbali kidogo na zile mbili. Pipi haikuonekana.

Gari likaondoka. Kila walipokata kona simu tatu zikateleza pamoja upande mmoja, zikagongana, zikarudi, na macho ya watu watatu yakawa yanazifuata.